Fundi, Deki na CD ya Harusi

Fundi hanunui deki kwa kutazama sura. Anaichomeka kwenye umeme, anaweka CD anayoijua, kisha anatega sikio. Mota nzima huzunguka kwa sauti moja. Iliyochoka huanza, husita, huanza tena. Deki hii imetoka kwenye kabati la mtu hapahapa Morogoro, na mota yake ni nzima.

Anafungua skrubu kwa bisibisi ya nyota na kuondoa vumbi kwa brashi laini. Unyevu ukikaa kabatini miaka mingi, lenzi hufifia. Lenzi yenyewe ni ndogo kuliko punje ya hindi, nayo imening'inia kwenye nyaya nyembamba sana. Anaipangusa kwa pamba yenye spiriti bila kuikandamiza. Pembeni yake ipo skrubu ndogo ya kuongeza nguvu ya mwanga. Mwenye haraka huizungusha, deki ikasoma leo na kufa mapema. Huyu haigusi. Anatia grisi kidogo kwenye reli, basi.

Ndipo anashika CD ya harusi, kwa kingo tu, na kuielekeza kwenye taa. Anaanza na upande wa juu, wenye maandishi, ambao wengi huupuuza. Picha zimelala chini tu ya rangi ile. Tundu linalopitisha mwanga halina dawa. Mikwaruzo ya chini ina nafuu. Anaifuta kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha, kwa sababu mkwaruzo unaofuata njia ya usomaji ndio unaosumbua zaidi.

VCD, yaani CD ya video kama hii ya harusi, ilikuja mwaka 1993. Ili dakika 74 za picha zienee kwenye CD moja, iliachwa kinga ya ziada ya kusahihisha makosa ambayo CD za data huwa nayo. Kwa hiyo vumbi au mkwaruzo hugandisha picha kwa urahisi zaidi.

Kwanza anajaribu kompyuta kuukuu yenye mlango wa CD, anakopi faili la video, la aina ya DAT, kwa spidi ndogo. Likikwama anafuta, anarudia, anahamia kompyuta nyingine, maana sehemu inayokataliwa na lenzi moja husomwa na nyingine. Zote zikishindwa, anarudi kwenye deki: waya wa njano wa picha, mwekundu na mweupe wa sauti, kuingia kwenye kifaa cha kurekodi. Kisha anakaa na kuitazama harusi yote, mpaka mwisho. Hilo ndilo ninalomheshimia zaidi.

Wewe mwenye VCD za harusi, ubarikio au mazishi ya wazee, usigawe deki yako ya zamani wala usisubiri. Zipeleke kwa fundi wa namna hii, na utunze nakala mbili, kila moja mahali pake.