Kukwepa Rada na Kutungua Kombora: Manowari Hujiokoaje?

Usiku wa tarehe 14 Julai 2006, korveti ya Israeli iitwayo INS Hanit ilikuwa kwenye doria mbele ya pwani ya Beirut. Ni meli ya daraja la Sa'ar 5, iliyojengwa Pascagoula huko Mississippi, na wakati huo ilihesabiwa miongoni mwa manowari ndogo zenye silaha nyingi kuliko zote duniani. Kuta zake zimeinamishwa ili mawimbi ya rada yasirudi yalikotoka. Ilibeba makombora ya Barak ya kutungua makombora mengine, na upande wa omo ulikaa mzinga wa Phalanx. Pamoja na yote hayo, kombora aina ya C-802 lililoundwa China na kurushwa na Hezbollah kutoka nchi kavu liliipiga upande wa tezi na kuua mabaharia wanne.

Ulinzi wa meli hiyo dhidi ya makombora haukuwa umewekwa katika hali ya kujibu wenyewe. Wakubwa hawakuamini kwamba Hezbollah wana kombora la namna hiyo, na anga ya eneo lile ilikuwa imejaa ndege za Israeli ambazo hakuna aliyetaka kuzitungua kwa bahati mbaya.

Naanza na Hanit kwa sababu mjadala wa manowari za kisasa hupenda kuzipanga sifa hizi mbili kama washindani: ipi bora, meli isiyoonekana au meli yenye mzinga mkali? Swali hilo lina kasoro. Umbo la kukwepa rada na mzinga wa ulinzi wa mwisho ni vipande vya kazi moja inayofanyika ndani ya dakika moja na nusu, na kila kipande kina zamu yake.

Tuihesabu hiyo dakika na nusu. Rada haipindi kufuata mviringo wa dunia. Antena iliyo mita 20 juu ya maji inaliona kombora linaloruka mita tano juu ya mawimbi kuanzia kilomita 27 hivi. Kombora la kasi ya chini kidogo ya sauti, kama Exocet au C-802, huenda karibu mita 300 kwa sekunde, kwa hiyo tangu linapochomoza hadi kugonga ni sekunde 90. Hapo ndani mtu anatakiwa alione, aamini kwamba ni kombora kweli, aamue, na silaha ifanye kazi.

Umbo la meli linasaidia wapi hapo? Wengi hudhani linaifanya meli isionekane kabisa. Halifanyi hivyo. Mwangwi wa rada hudhoofika kwa kipeo cha nne cha umbali, kwa hiyo ukitaka rada ya adui ikugundue kwa nusu tu ya umbali wa mwanzo, lazima upunguze mwangwi wako mara 16. Ukitaka robo ya umbali, ni mara 256. Ni gharama kubwa kwa faida inayoonekana ndogo, hasa ukikumbuka kwamba kombora likishafika karibu litaiona meli yoyote ya chuma, hata ikiwa imeinamishwa vipi.

Faida yenyewe hujitokeza pale meli inapoanza kudanganya. Rada ya kombora ikivurugwa na mtambo wa meli hiyohiyo, mawimbi ya kuvuruga husafiri upande mmoja tu ilhali mwangwi wa meli hutegemea safari ya kwenda na kurudi. Hesabu inabadilika: ukipunguza mwangwi mara 16, umbali ambao kombora linaanza kuitambua meli ndani ya zile vurugu unapungua mara nne, si mara mbili. Na wingu la chambo, yaani nyuzi nyembamba zilizopakwa aluminiamu zinazofyatuliwa hewani, linatakiwa kung'aa kuliko meli machoni pa kombora. Meli ikiwa na mwangwi mdogo, wingu dogo linatosha na linakubalika haraka. Hiyo ndiyo kazi ya zile kuta zilizolala: kukipa chambo nafasi ya kuaminika.

Wafaransa walilielewa jambo hili mapema. Frigeti La Fayette, iliyoanza kazi mwaka 1996, ina kuta za juu zilizoinama nyuzi kama kumi. Ukiitazama kwa ukaribu unakosa vitu ulivyozoea kuviona kwenye meli. Nanga imefichwa. Boti ndogo zimewekwa ndani, nyuma ya milango. Sitaha imesafishwa, kwa kuwa kila pembe ya mraba ambapo ukuta unakutana na sitaha hurudisha wimbi moja kwa moja lilikotoka. Waswidi walikwenda mbali zaidi na korveti za Visby, zenye urefu wa mita 73 na bodi ya nyuzi za kaboni badala ya chuma. Hata mtutu wa mzinga wake wa milimita 57 hulala ndani ya kifuniko mpaka wakati wa kupiga. Marekani nayo ilijenga Zumwalt, meli ya zaidi ya mita 180 ambayo mwangwi wake hulinganishwa na wa boti ya uvuvi. Zilijengwa tatu tu.

Binafsi naiona La Fayette kuwa ndiyo iliyofanya uamuzi wenye busara kuliko zote. Ilichukua sehemu kubwa ya faida kwa kuinamisha kuta na kufagia sitaha, bila kudai kila bolti iwe siri. Isitoshe, makombora kama NSM ya Norway hayatumii rada kutafuta shabaha. Yanatazama picha ya joto, na hapo pembe za ukuta hazisaidii kitu.

Chambo nacho kina hatari zake. Tarehe 25 Mei 1982, katika vita vya Falklands, ndege za Argentina zilirusha Exocet mbili. Manowari za Uingereza zilifyatua chambo na makombora yakageuka, lakini mbele yake ikawepo Atlantic Conveyor, meli ya mizigo isiyo na kinga yoyote ya aina hiyo. Watu 12 walikufa. Kombora lililokosa shabaha moja bado linatafuta nyingine.

Tuje kwenye mzinga. Phalanx ya Marekani ni bunduki ya mitutu sita ya milimita 20 yenye rada yake yenyewe ndani ya kuba jeupe. Rada hiyo hulifuata kombora na pia huzifuata risasi zinazotoka, kisha kompyuta husahihisha tofauti kati ya hivyo viwili bila mtu kugusa kitu. Hupiga risasi 4,500 kwa dakika, ambazo ni 75 kwa sekunde. Kasha lake hubeba 1,550, kwa hiyo baada ya sekunde 21 hivi za kufyatua mfululizo limekwisha, na mabaharia lazima watoke nje kulijaza. Uzuri wake ni kwamba haihitaji kutoboa sitaha, kwa hiyo Waingereza waliweza kuifunga haraka kwenye meli yao HMS Illustrious mwaka uleule wa 1982.

Goalkeeper ya Uholanzi hutumia mitutu saba ya milimita 30. Risasi yake ni nzito na hufika mbali zaidi, ila mtambo wake unaingia hadi chini ya sitaha. AK-630 ya Urusi nayo ni milimita 30 na hupiga haraka kuliko zote mbili. Zote zina tatizo moja. Kombora la mita 300 kwa sekunde likiwa umbali wa mita 1,500, umebaki na sekunde tano. Likiwa la kasi mara tatu ya sauti, hazifiki mbili, na hata ukilipasua, vipande vyake vinaendelea kuja. Ndiyo maana wengi wamehamia RAM, kombora dogo linalokaa 21 kwenye kasha moja na kulifuata kombora la adui kwa mawimbi ya rada yake na kwa joto lake, kuanzia kilomita kadhaa. Kwa meli mpya ningechagua RAM kwanza, kisha bunduki nyuma yake.

Chambo na mzinga vinaweza pia kugombana. Februari 25, 1991, kwenye Vita vya Ghuba, meli ya Marekani USS Missouri ilifyatua chambo baada ya Irak kurusha kombora aina ya Silkworm. Phalanx ya USS Jarrett iliyokuwa jirani ikaliona lile wingu kuwa shabaha, ikafyatua, na risasi nne zikaipata Missouri. Kombora lenyewe lilitunguliwa na HMS Gloucester ya Uingereza kwa kombora la Sea Dart. Mitambo yote ilitii amri zake, ila hakuna aliyekuwa ameiambia Phalanx ile kwamba wingu ni la mwenzake.

Hapo unaelewa kwa nini manahodha huogopa kuiachia mashine uamuzi. Mwaka 1983 Phalanx ya USS Antrim ilikitungua chombo cha mazoezi karibu mno, mabaki yakadunda juu ya maji na kuigonga meli, mtu mmoja akafa. Lakini hofu hiyo ina bei yake. Mei 17, 1987, USS Stark ilipigwa na Exocet mbili za ndege ya Irak huku Phalanx yake ikiwa haijawekwa katika hali ya kujibu yenyewe. Mabaharia 37 walikufa.

Januari 30, 2024, katika Bahari ya Shamu, kombora la Wahouthi lilipita tabaka zote za mbali za USS Gravely na kufika karibu maili moja kutoka kwenye meli. Phalanx ikalitungua. Gravely ni ya daraja la Arleigh Burke, ambalo kuta zake zimeinamishwa kiasi tu, na mwangwi wake ni mkubwa kuliko wa Visby au Zumwalt. Kilichoiokoa ni kwamba bunduki ilikuwa tayari na ilikuwa na ruhusa.

Ruhusa hiyo haiwezi kutafutwa ndani ya sekunde 90. Inatakiwa iandikwe kabla ya kung'oa nanga: upande gani wa meli mashine inaruhusiwa kujibu yenyewe, shabaha ya kasi na kimo gani, helikopta zetu zitarudi kwa njia ipi, na nani atafunga upande huo zikikaribia. Meli za msafara zinatakiwa kukubaliana mapema nani anafyatua chambo na kuelekea wapi, ili wingu lisikae mbele ya bunduki ya jirani wala lisimsukumie kombora mwenye mizigo. Serikali inapotangaza kununua manowari mpya, picha huonyesha pembe za kuta na takwimu husifu kasi ya mitutu. Ningeomba waonyeshe pia zile amri, na saa ambazo wafanyakazi wa chumba cha mapambano wamezifanyia mazoezi.