Bustani Iliyopimwa kwa Ndoo na Sufuria

Wiki ya kwanza ya Julai tulivuna mchicha wa kulisha shughuli ya mtaa mzima. Majaruba mawili, mita 6 za mraba, yalikomaa ndani ya siku tatu. Tulipika, tukagawia majirani, tukampelekea na mama wa genge la pembeni, na bado mwingine ukatoa maua na kukomaa shina. Wiki tatu zilizofuata tulikuwa wateja wa genge lile lile, tukinunua mafungu. Udongo ulikuwa umeandaliwa vizuri, mbegu ziliota, watoto walimwagilia bila kukosa siku. Kosa lilikuwa kwenye mpango, na naona linafaa kuchambuliwa hatua kwa hatua, maana ndilo linalowavunja moyo wengi wanaoanza bustani ya kwanza. Tulikuwa tumepanga ardhi, wiki hatukuzipanga.

Nieleze kwanza mahali. Tunaishi Kigamboni, Dar es Salaam, juu ya ule mchanga wa pwani ambao ukiumwagia maji hayakusubiri. Uani kuna kipande cha mita 7 kwa 6. Kaskazini kuna ukuta wa mita 2, kusini nyumba, magharibi mwembe wa jirani. Tuko sita: mimi, mke wangu, watoto watatu na mama yangu, aliyekulia Lushoto akipanda mboga tangu utotoni.

Kikao cha kwanza tulikikalia Mei, masika yakielekea ukingoni. Kila mmoja alitaja anachokitaka, binti yetu mkubwa akaandika kwenye daftari: kabichi, karoti, nyanya, hoho, vitunguu, mchicha, sukuma wiki, bamia, matembele, nyanya chungu, na stroberi ya kitinda mimba. Nilidhani mama angetetea kabichi na karoti za kwao. Yeye ndiye aliyezifuta kwanza. "Mwanangu," akasema, "kule kabichi inalala na ukungu. Hapa italala na joto, haitafunga." Stroberi ikafuata njia hiyo hiyo, baada ya mazungumzo marefu kidogo.

Mke wangu ndiye aliyeleta kipimo cha pili, na mpaka leo nakiona ndicho chenye akili kuliko vyote tulivyotumia. Aliuliza: kati ya hivi, kipi kinaharibika kabla hakijafika jikoni? Kitunguu kikikaushwa vizuri kinakaa miezi. Nyanya ikichumwa ngumu inavumilia siku kadhaa sokoni. Mchicha uliong'olewa alfajiri, kufika jioni umeshalegea, na matembele ni hivyo hivyo. Basi eneo dogo la nyumbani zipewe mboga zinazonyauka, na vile ambavyo soko linavihifadhi vizuri tuendelee kuvinunua. Kwa hoja hiyo vitunguu vilitoka, na nyanya zikabaki kwa heshima ya watoto tu, miche sita kwenye ndoo mbovu zilizotobolewa chini. Nyumba inayotumia nyanya kila siku haiwezi kujitosheleza kwa miche sita, na tuliwaambia watoto hivyo mapema ili wasije wakaona wameshindwa.

Kuna sababu nyingine ya kuyapa majani nafasi ya kwanza katika jiji hili. Kila mkazi wa Dar es Salaam ameona mboga zinazolimwa kando ya mito inayopokea maji taka. Majani tunayala yote, na ni vigumu kujua fungu la gengeni limenyweshwa maji gani. Ya uani unayajua.

Baada ya hapo tukafika kwenye maji, na hapa ndipo ukubwa wa bustani ulipoamuliwa. Nilikuwa nimeshachora majaruba kumi kujaza uwanja wote. Hesabu ikayafuta. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili, na mboga kwenye joto letu, wakati wa kiangazi, inahitaji kama milimita 4 hadi 6 kwa siku. Tukachukua 5. Kwa hiyo kila mita ya mraba inakunywa lita 5 kwa siku. Mtaani kwetu bomba linatoa kwa zamu, na akiba yetu ni tangi la lita 1,000. Maji ya visima karibu na bahari mara nyingi yana chumvi, na mche mchanga huanza kuungua kwenye ncha za majani, kwa hiyo kisima hatukukitegemea. Swali likawa moja: siku bomba lisipotoa, ni ndoo ngapi za lita 20 tunaweza kuziachia bustani bila kulinyima jiko wala bafu? Mke wangu akajibu tatu, akihesabu humo maji ya kuoshea mchele na mboga. Ndoo tatu ni lita 60. Gawanya kwa 5, unapata mita 12 za mraba.

Uwanja una mita 42. Tukalima 12. Iliniuma kuacha ardhi wazi, lakini nimeona bustani kadhaa za kwanza zikifa mwezi wa pili kwa sababu zilipimwa kwa ukubwa wa uwanja. Kwa mwezi lita 60 za kila siku hufika lita 1,800, yaani yuniti mbili kasoro kidogo kwenye bili, na hiyo tuliiandika daftarini kabla ya jembe kugusa ardhi.

Mita hizo 12 ziwe upande gani? Watoto walipewa mawe na kazi ya siku moja: saa mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi jioni, weka mawe pale kivuli kinapoishia. Tulitafuta sehemu inayopata jua kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku. Mwembe ulikula kona ya magharibi kuanzia alasiri. Ukuta wa kaskazini ulitushangaza. Dar es Salaam iko kusini mwa ikweta, karibu nyuzi 7, na mwezi Juni jua la mchana linasimama upande wa kaskazini. Ukuta wa mita 2 ukatupa kivuli cha mita moja na ziada ndani ya uwanja, saa sita mchana. Ukanda huo tukaufanya njia na mahali pa kurundikia mboji. Majaruba manne, kila moja mita 1 kwa 3, yakakaa katikati.

Nasema majaruba kwa makusudi. Picha nyingi za bustani zinaonyesha matuta yaliyoinuliwa, nasi tulitaka kuyaiga. Tuta la kuinuka linasaidia pale maji yanapotuama. Juu ya mchanga, wakati wa kiangazi, linakausha mizizi. Tulichimba chini kama sentimita 10, tukaacha kingo pembeni, ili kila tone linalomwagwa lizame pale pale lilipokusudiwa. Kila jaruba lilipata ndoo mbili za samadi ya ng'ombe iliyoiva, ikachanganywa na udongo wa juu hadi kina cha sentimita 20 hivi. Tulipewa pia viroba viwili vya samadi ya kuku. Mama alitia mkono ndani, akaikuta ya moto, akakataa isiguse mmea wowote. Samadi mbichi ya kuku inaunguza mizizi. Ikaenda kwenye rundo la mboji na majani makavu ya mwembe, ikae miezi miwili.

Mpaka hapo mpango ulikuwa sahihi. Jaruba la tatu lilipata vipando vya matembele, la nne bamia kumi na miche mitano ya nyanya chungu. La kwanza na la pili yakawa ya mchicha, na siku moja ya Juni, kwa furaha ya kuanza, tukayamwagia mbegu yote mawili.

Sasa irudie hesabu ile upande wa sufuria, kama tulivyofanya tulipokaa tena Julai na daftari. Sufuria moja ya mchicha ya watu sita inataka kilo 1.2 hivi kabla ya kuchambua. Majaruba yale mawili yalitupa karibu kilo 9, kilo moja na nusu kwa kila mita ya mraba. Hiyo ni sufuria saba zilizokomaa ndani ya siku tatu, kwenye nyumba inayopika mchicha mara moja au mbili kwa wiki, na ambayo haina jokofu la kuhifadhi lundo la majani. Lakini angalia vizuri zile namba: mita moja ya mraba inatoa sufuria moja na ziada kidogo ya kumpelekea jirani. Kumbe mita sita zile zilikuwa sufuria sita za wiki sita, tukazila zote pamoja.

Tulichukua kamba ya katani na vijiti, tukagawa majaruba hayo mawili vipande sita vya mita moja ya mraba. Kila Jumamosi kipande kimoja tu kinapandwa. Mchicha unakaa shambani wiki nne, kisha kipande kinapumzika wiki mbili: kinapata samadi, kinamwagiliwa ili magugu yaote na kung'olewa mapema, halafu zamu yake inafika tena. Nne na mbili ni sita, na vipande ni sita. Hakuna Jumamosi isiyo na kupanda, na kuanzia mwezi wa pili hakuna Jumamosi isiyo na kuvuna. Mtoto wa miaka minane anaendesha mzunguko huu bila kuulizwa, kwa kuwa anachotakiwa kukumbuka ni namba ya kipande.

Mbegu ya mchicha ni ndogo mno, gramu moja ina mbegu zaidi ya elfu moja, na mkono wa mtoto ukiachiwa unamwaga zote mahali pamoja. Nusu kijiko cha chai cha mbegu kinachanganywa na kikombe cha mchanga mkavu, ndipo zinatawanywa. Baada ya wiki mbili miche inapunguzwa, na iliyopunguzwa inaingia sufuriani. Sisimizi walituibia mbegu za mara ya kwanza. Majivu kwenye kingo yamepunguza wizi huo.

Wengi hukata mchicha juu na kuuacha uchipue tena, na unaweza kuvunwa hivyo mara mbili tatu. Sisi tunang'oa. Kukata kungevuruga zamu, na pia kung'oa kunatuonyesha mizizi. Kwenye mchanga wa joto adui mkubwa ni minyoo fundo, ambayo juu ya ardhi haionekani. Unaona mmea umedumaa tu bila kujua kwa nini. Ukiung'oa unakuta vinundu kwenye mizizi. Kila Jumamosi binti yetu anapanga mizizi kumi kwenye sinia na kuikagua kabla mashina hayajakatwa. Agosti alikuta vinundu kwenye kipande namba 4. Bamia hushambuliwa vibaya na minyoo hiyo, kwa hiyo tumeandika kwamba jaruba lile halitapokea bamia msimu ujao, na samadi yake imeongezwa.

Mwisho wa Septemba tulikuwa tumevuna kila wiki bila kuruka. Matembele yanatupa sufuria moja kila baada ya siku kumi hivi, na yaliyofunikwa matandazo ya nyasi kavu yanavumilia hata siku mbili za bomba kukauka. Bamia zinachumwa kila baada ya siku mbili, zikichelewa zinakuwa kamba. Miche minne kati ya sita ya nyanya ilizaa.

Kurasa zinazofuata za daftari ni za vuli. Kingo zinakatwa ili maji ya mvua yatoke, na majaruba mawili ya mchicha yatainuliwa yawe matuta, maana kilichotusaidia kiangazi kitaozesha miche mvua ikikaza. Mawe nayo yanahama. Karibu na tarehe 10 Oktoba jua la mchana linapita utosini hapa Dar es Salaam, kisha linavuka kwenda kusini, na kivuli cha ukuta kitahamia upande wa pili. Ule ukanda wa njia na mboji utakuwa na jua la kutosha hadi Februari. Watoto wamechomeka kijiti katikati ya uwanja, na kila siku, muda mfupi baada ya saa sita mchana, mmoja wao anatoka kupima kivuli chake kwa rula. Jana kilikuwa sentimita 4.