Kisanduku Kinachongoja Vidole

Jambo la kwanza analoonywa mwanafunzi wa fundi redio ni hili: usitie vidole ndani wakati umeme umo. Michel Waisvisz, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1949, alivitia. Alipokuwa mtoto alizigusa saketi za redio ya baba yake ili asikie inavyolia. Watoto wengi wamefanya hivyo wakachapwa. Yeye alikuja kuifanya kazi ya maisha.

Miaka ya 1970, akiwa STEIM, nyumba ya ala za kielektroniki mjini Amsterdam, alitoa Kraakdoos. Ni kisanduku kisicho na kinanda wala kitufe cha kuchagulia sauti. Juu kina vipande sita vya chuma. Ndani mna betri, spika ndogo na chipu moja ya kukuza mawimbi.

Ninachokistaajabia ni kile ambacho fundi huyu hakukiunga. Kwa kawaida saketi hufungwa ili itulie, mkono wa mtu usiivuruge. Waisvisz aliziacha ncha wazi, akamwachia mpigaji azikamilishe kwa ngozi yake. Umeme dhaifu, usioweza kumdhuru mtu, hupita vidoleni; chipu hukosa utulivu, ikaanza kulia. Kidole kikavu huuzuia umeme, chenye jasho huupitisha. Ukandamize, sauti inageuka. Ulegeze, mluzi unakuwa mkwaruzo, mkwaruzo unakuwa kama kikohozi. Watu wawili wakigusa kila mmoja chuma chake, kisha wakashikana mikono, miili yao yenyewe huwa waya. Basi hata woga wa mpigaji, ukimtoa jasho, unasikika.

Mwaka 1984 akaja na The Hands: vyombo viwili vya kuvaa mikononi, vyenye vitufe na sensa za kupima, miongoni mwa mengine, umbali kati ya mkono na mkono. Aliviunda upya mara kadhaa, kisha akajizuia kuviongezea kitu, apate kujifunza kuvipiga. Kwa fundi, kujizuia huko ni kazi ngumu kuliko kuunda. Alivipiga kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 2008.

Saketi ya Kraakdoos ni fupi. Fundi redio yeyote anayejua kuunga waya kwa risasi anaweza kuijenga. Aijenge, kwa betri tu, kamwe si kwa umeme wa ukutani, kisha awaite watoto wa mtaani waje waiguse.