Tochi ya kufika mbali: marekebisho yapi yanasaidia na yapi ni kelele

Uliza mafundi wengi namna ya kuifanya tochi ya LED imulike mbali zaidi, jibu la kwanza utakalopewa ni "ongeza umeme". Toa saketi ya ndani, weka inayopitisha mkondo mkubwa, kazi imeisha. Ushauri huu unasambaa kwa sababu matokeo yake unayaona papo hapo: ukimulika ukuta wa chumbani, tochi inawaka kweli kweli. Ila ukuta huo uko mita tatu tu. Tukiitoa tochi nje na kuipigia hesabu, ushauri unaanza kuchechemea. Twende taratibu.

Kwanza tuelewane kuhusu namba. Lumeni zilizoandikwa kwenye boksi zinahesabu mwanga wote unaotoka kwenye tochi, wa kila upande. Kufika mbali kunategemea kandela, yaani ukali wa mwanga kuelekea upande mmoja. Kiwango cha Marekani kiitwacho ANSI FL 1, kilichotoka mwaka 2009, kinasema umbali wa tochi ni pale mwanga wake unapobaki luksi 0.25, karibu sawa na mbalamwezi ya mwezi mpevu. Na kwa kuwa mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, hesabu ni nyepesi: tafuta kipeuo cha pili cha kandela, zidisha kwa 2. Kandela 10,000 zinakupa mita 200. Kandela 40,000 zinakupa mita 400. Umeona? Umbali ukitaka uwe mara mbili, ukali lazima uwe mara nne.

Umeme zaidi

Sasa turudi kwa fundi wetu. Tuseme amefanikiwa kuongeza mwanga mara mbili kamili. Tochi ya mita 200 itafika mita 283 hivi, basi. Na hapo tumemhurumia, kwa sababu LED ukiipa mkondo mara mbili haikupi mwanga mara mbili. Ufanisi wake hushuka kadiri mkondo unavyopanda, na sehemu kubwa ya umeme ulioongezwa inageuka joto. Tochi ndogo haina pa kulipeleka joto hilo. LED inapochemka mwanga unapungua, na ukiendelea hivyo unafupisha maisha yake. Kwa hiyo unalipa joto jingi kwa mita chache.

Kioo kikubwa

Linganisha na kubadilisha lenzi, au kile kikombe kinachong'aa kilichoizunguka LED. Chukua chenye umbo lile lile ila kipenyo mara mbili. Eneo linakuwa mara nne, kandela mara nne, umbali mara mbili. Hujaongeza hata wati moja!

Inawezekanaje? Mtu aliye mbali, katikati ya mwale, anauona uso mzima wa lenzi uking'aa kama LED yenyewe. Lenzi haiwezi kuzidi mng'ao wa chanzo chake. Kinachoweza kukua ni ule uso unaong'aa. Ndiyo maana Augustin Fresnel, alipoweka lenzi yake kwenye mnara wa Cordouan huko Ufaransa mwaka 1823, aliweza kuwafikia mabaharia wa mbali kwa taa ya mafuta. Lenzi ilikuwa kubwa, moto ulikuwa mdogo.

Bei yake ni kwamba tochi inakuwa nene na mwale unakuwa mwembamba. Hii ndiyo sababu wauzaji hawaisemi sana: tochi ya kuingia mfukoni inauzika haraka.

Kubandua kuba

Njia ya tatu ndiyo inayopendwa na wenye mikono mizuri. LED nyingi zina kuba dogo la silikoni juu yake. Kuba hilo linasaidia mwanga utoke, lakini pia linaifanya LED ionekane kubwa kuliko ilivyo. Ukilibandua, lumeni zinapungua ila mng'ao unapanda, kwa hesabu safi hadi karibu mara mbili, na kwa vitendo huwa chini ya hapo. Hata ukipata zote, umbali unaongezeka kwa asilimia 41 tu.

Wazo ni sahihi kifizikia, hilo silipingi. Ninachopinga ni namna linavyofundishwa, kama vile ni kumenya chungwa. Kuna nyaya nyembamba kuliko unywele ndani ya silikoni. Ukizikata, LED imekufa. Rangi ya mwanga inageuka manjano au kijani kidogo. Kuna wanaoloweka LED kwenye petroli ili kuba lilegee, halafu ndani ya nyumba! Na yote haya wakati viwanda, Osram kwa mfano, vinatengeneza LED bapa zisizo na kuba kabisa. Kununua moja na kuichomelea vizuri kwenye bati la shaba ni kazi safi kuliko kuchuna ya zamani.

Je, mita 800 ni mita 800?

Hapa nina ugomvi na kile kiwango chenyewe. Mtu wa mita 1.7 akiwa umbali wa mita 800 anaonekana mdogo kama kitu cha milimita 1.3 ukikishika kwa mkono ulionyooshwa. Mmulike kwa mwanga wa mbalamwezi, ongeza vumbi au ukungu unaorudisha mwanga machoni pako, kisha uniambie kama ni mtu au kisiki. Namba hiyo inafaa kulinganisha tochi na tochi. Kama ahadi ya utakachokiona, igawe kwa 2 kwanza.

Na usisahau betri. Seli nzuri za 18650 nyingi zina uwezo wa kati ya mAh 2,500 na 3,500. Iliyoandikwa 9,900 inakudanganya waziwazi, na ndiyo hiyo hiyo watu wanaitwika mkondo mkubwa. Betri ya lithiamu ikizidiwa inaweza kuwaka moto ikiwa mkononi mwako.

Kwa hiyo, ukiwa na pesa ya rekebisho moja, nunua kipenyo. Ukiwa na mbili, ongeza LED bapa. Umeme uwe wa mwisho, tena kwa kiasi ambacho mwili wa tochi unaweza kupoza. Lakini kabla ya yote, jiulize unamulika nini. Mlinzi anayezunguka ua wa mita 40 akipewa mwale mwembamba ataona kiduara kidogo ukutani, na mwizi aliyejibanza mita tano pembeni hatamwona. Huyo anahitaji mwanga uliotandaa, na pengine tochi aliyonayo tayari inamtosha.