Kiti cha Mtemi Altareni: Tahakiki ya Usanifu wa Kanisa la Bujora na Funzo Lake kwa Usukuma Mashariki

Makanisa ya Kikatoliki yaliyojengwa Tanganyika wakati wa ukoloni aghalabu hupimwa kwa kigezo kimoja, yaani ukaribu wake na mitindo ya Ulaya. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu jijini Dar es Salaam, lililojengwa kati ya mwaka 1897 na 1902, ni mfano bayana wa mtindo wa Kigothi. Kanisa la Bujora, Kisesa, mashariki mwa jiji la Mwanza, halipimiki kwa kigezo hicho. Tahakiki hii inajadili namna kanisa hilo lilivyotumia alama za Kisukuma, na mipaka ya matumizi hayo.

Wamisionari wa Afrika walifika Bukumbi, kusini mwa Ziwa Viktoria, mwaka 1883. Miongo saba hivi baadaye, Padre David Clement, mmisionari kutoka Quebec, Kanada, aliendesha kazi yake Bujora. Katika kipindi hichohicho mipaka ya utawala wa Kanisa ilibadilika: mwaka 1950 iliundwa Prefektura ya Kitume ya Maswa, ambayo mwaka 1956 ikawa Jimbo la Shinyanga. Hivyo, Wasukuma wa Bariadi na Maswa, walio leo katika Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, walikuwa nje ya jimbo lenye Bujora, ingawa lugha na mila ziliwaunganisha.

Kimaumbo, kanisa la Bujora ni la mviringo, kwa kufuata nyumba ya msonge. Altare yake ina umbo la kiti cha enzi cha mtemi, na tabernakulo ina umbo la nyumba ya Kisukuma. Mantiki ya alama hizi ni wazi: Kristo anatambulishwa kuwa mtemi, na waumini ni watu wa himaya yake. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba uamuzi huu ulitangulia Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965), wakati Misa ilipokuwa bado ikiadhimishwa kwa Kilatini. Jengo lilisema Kisukuma kabla ya sala kuu iliyosaliwa ndani yake kuruhusiwa kufanya hivyo.

Hata hivyo, sifa hiyo haitoshi kufunga mjadala. Kwanza, lugha iliyochaguliwa ni ya ikulu ya mtemi. Maisha ya mkulima na mfugaji wa kawaida yanawakilishwa na umbo la nyumba, lakini kitovu cha ibada kimekabidhiwa alama ya mamlaka. Pili, utemi wenyewe ulifutwa kama chombo cha utawala mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya uhuru. Alama iliyokusudiwa kueleweka bila maelezo ikaanza kuhitaji mfasiri. Si ajabu kwamba makumbusho ya Wasukuma, yaliyofunguliwa hapohapo Bujora mwaka 1968, yanahifadhi ngoma za watemi: kilichokuwa ishara hai kanisani kimekuwa pia kumbukumbu katika jengo la jirani.

Inaweza kudaiwa kwamba hoja hii inapuuza Bulabo, sherehe ya kila Juni inayoambatana na Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ambapo vikundi vya Wagika na Wagalu hushindana kwa ngoma mbele ya umati. Dai hilo lina uzito, kwa kuwa Bulabo inathibitisha kwamba Bujora haikuwafunga Wasukuma katika ikulu. Lakini mashindano hayo hufanyika uwanjani. Ndani, jengo linatoa heshima ya mtemi. Nje, watu wanatoa ubunifu wao. Usanifu wa Bujora unakamilika pale tu uwanja unapohesabiwa kuwa sehemu ya kanisa.

Kutokana na uchambuzi huu, inabainika kwamba thamani ya Bujora haimo katika umbo la kunakiliwa. Parokia ya Simiyu itakayojenga msonge na kuweka kiti cha mtemi itakuwa imeiga jibu bila kuuliza swali lililolizaa: ni alama gani ambayo waumini wa leo wanaitambua bila kuelezwa? Kwa mtafiti, funzo ni kwamba uhifadhi wa kanisa hilo hauna budi kwenda sambamba na uhifadhi wa maelezo ya wazee wanaokumbuka utemi. Kuta zikibaki na maelezo hayo yakapotea, altare ya Bujora itaonekana kuwa pambo tu.