Kabla ya Kulipa, Hesabu Michoro

Mkusanyaji hodari wa vitabu vya kale vya maua haanzi kwa kusifu rangi. Hukifungua kitabu taratibu, akipitisha kidole penye mshono, akitafuta ukingo wa karatasi iliyokatwa kwa wembe. Karatasi za michoro mara nyingi hazikuhesabiwa pamoja na kurasa za maandishi. Mchoro ukitolewa, namba hazionyeshi pengo lolote, na mnunuzi mgeni huondoka akifurahi. Wachuuzi wamevichana vitabu vingi mno ili wauze ua mojamoja ndani ya fremu. Kwa hiyo kitabu kizuri utakipata. Kilichotimia ndicho cha kutafuta.

Kisha mkusanyaji huyo hutoa lenzi, aone rangi ilivyopakwa. Jarida la Curtis's Botanical Magazine, lililoanza London mwaka 1787, lilipakwa rangi kwa mkono, nakala kwa nakala, hadi 1948. Humo mwaka 1895 lilichapwa ua la Usambara, lile dogo la zambarau linalopamba madirisha ya Ulaya siku hizi. Rangi ya mkono huonyesha njia ya brashi, pengine imevuka mstari kidogo. Rangi ya mashine za baadaye huonyesha vitone. Mimi naupenda mvuko huo kuliko hata ua lenyewe.

Sisi wa Burungu, huku Masisi, tuna kitabu cha mimea ya upande wetu wa mashariki, ingawa hakina rangi za kung'aa. Walter Robyns, mkuu wa Bustani ya Mimea ya serikali mjini Bruxelles, aliandika juzuu tatu juu ya mimea ya Hifadhi ya Albert, yaani Virunga ya leo. Michoro yake ni ya wino mweusi: jani, ua lililopasuliwa, mbegu. Wengi hukipita. Mjuzi hukaa nacho, tena anajua kwamba juzuu ya 2 ilitoka 1947, ya 1 ikafuata 1948, na ya 3 ikaja 1955. Basi miaka hiyo iliyopishana haimtii shaka.

Unyevu wa Masisi hauna huruma kwa karatasi. Kama kwenu kuna kitabu cha namna hiyo, kiondoe kwenye mfuko wa plastiki, kiweke mbali na sakafu na ukuta wa nje, ukifungue mara kwa mara kipate hewa. Na akija mtu kukuomba mchoro mmoja tu, mkatalie.