Kwa Kushirikiana Na: Uhakiki wa Sentensi Tatu za Usalama

Basi la Dodoma kwenda Iringa likifika Mtera hupunguza mwendo. Barabara inavuka Ruaha Mkuu hapo bwawani, na wauza samaki wananyanyua mabeseni ya perege wa kukaanga hadi usawa wa madirisha. Safari yangu ya mwisho kupita hapo, abiria wa kiti cha mbele alikuwa akisoma taarifa ya polisi kwenye simu, akaona vema na sisi wengine tuisikie. Alipofika katikati ya sentensi ya kwanza, jirani yake akaimalizia kwa kichwa, neno kwa neno, bila kuitazama simu.

Matini inayoweza kumaliziwa na mtu ambaye hajaisoma inastahili mhakiki. Tumezoea kuhakiki riwaya na mashairi, ilhali Mtanzania wa kawaida husikia taarifa za vyombo vya usalama mara nyingi kuliko anavyosoma riwaya. Nasi tunapouliza kwa nini taasisi za upelelezi za serikali hufanya kazi kila moja kivyake, tunakimbilia bajeti, vifaa na sheria. Mimi naomba tuanzie kwenye sarufi. Zipo sentensi tatu ambazo serikali huzungumza nasi kwazo kuhusu usalama, na kila moja imebeba nadharia yake ya ushirikiano.

Ya kwanza ni ile ya kwenye basi. Nikiitoa nyama za siku na mahali, mifupa yake ni hii: Jeshi la Polisi, kwa kushirikiana na vyombo vingine vya ulinzi na usalama, limefanikiwa kuwakamata watuhumiwa kufuatia taarifa kutoka kwa raia wema. Tazama kitenzi: *limefanikiwa*. Kiambishi *li* kinamtambua mmoja tu, Jeshi la Polisi. Hivyo vyombo vingine vimefungiwa kati ya mikato miwili, na ukiifuta mikato hiyo pamoja na vilivyomo, sentensi inabaki nzima, haina hata mchubuko. Kipande unachoweza kukifuta bila kuharibu kitu ni pambo. Neno linalodai kueleza kazi ya pamoja ndilo limewekwa mahali pa pambo.

Tukilichungua zaidi neno lenyewe, kuna ajabu nyingine. *Kushirikiana* lina kiungo cha *-ana*, kile kinachodai watu wawili wanaorudishiana tendo, kama katika kupeana na kuulizana. Lakini hapa limewekwa katika hali ya *ku-*, isiyo na mtenda wala wakati. Nani alimwambia nani? Alimwambia lini, kabla ya tukio au baada yake? Nani alikaa na habari wiki nzima kabla ya kuitoa? Kitenzi cha kurudishiana kimenyang'anywa wanaorudishiana.

Jaribu kuwatoa hao wengine kwenye mikato uwape nafasi mbele ya kitenzi: Jeshi la Polisi, Idara ya Usalama wa Taifa na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya... Hapo ulimi unakwama. *Limefanikiwa*? Hapana, Idara haimo. *Imefanikiwa*? Polisi wameachwa nje. Mwandishi makini ataokolewa na *vimefanikiwa*, kwa kuazima *vi* ya vyombo. Kumbe neno hilo, ambalo nyumbani ni sufuria na sahani na pwani ni jahazi, linatufanyia kazi kubwa: linakusanya taasisi za ngeli tofauti chini ya kiambishi kimoja. Lakini halizihesabu. *Vyombo vingine* vinaweza kuwa viwili au sita. Vinaweza kuwa Uhamiaji, TAKUKURU, JWTZ, Magereza, au Idara ambayo mtaani wanaiita Kitengo, jina lililozaliwa na kitenzi cha kutenga.

Kiambishi cha mtenda ni suala la sifa, na sifa katika utumishi ni mali. Desemba 2023, Kamishna Jenerali Aretas Lyimo wa Mamlaka ya Dawa za Kulevya alitangaza kukamatwa kwa kilo 3,182 za heroini na methamphetamine katika mikoa ya Dar es Salaam na Iringa. Habari ya namna hiyo inapopita midomoni, kitenzi kinahama kutoka *limekamata* kwenda *imekamata*, maana safari hii mwenye sentensi ni Mamlaka, na polisi wanaingia kwenye mikato. Mzigo wa ukubwa huo, katika mikoa miwili iliyoachana hivyo, haushikwi kwa mkono mmoja. Lakini sentensi ina kiti kimoja. Ofisa anayejua kwamba habari aliyoichimba miezi sita itamtajirisha mwingine kwa kiambishi, ana sababu ya kibinadamu kabisa ya kuichelewesha kidogo.

Haki itendeke: kutokuonekana kwa wengine si hila tupu. Sheria ya Idara ya Usalama wa Taifa ya 1996, ilivyotungwa, iliipa Idara kazi ya kukusanya habari, kuzichambua na kushauri, bila kuipa kazi ya kukamata. Utengano huo una hekima. Anayesikiliza mlangoni asiwe yeye yule anayevunja mlango. Kwa mpango huo Idara haikuweza kuwa mtenda wa *kukamata*, na kuitaja kila mara ni kuwaanika watu wake. Raia mwema naye hatajwi jina kwa sababu hiyo hiyo, ili alale salama. Sikatai usiri huo. Ninachokataa ni usiri wa nje kugeuka usahaulifu wa ndani, hata kwenye jalada lisilosomwa na umma habari isiwe na asili wala njia iliyopita.

Sentensi ya pili inatuonesha hatari yenyewe. Huanza hivi: Taarifa za kiintelijensia zinaonesha kuwa... kisha linafuata katazo. Wafuasi wa vyama vya upinzani wanaifahamu vizuri, maana mikutano yao ilizuiwa mara kwa mara kwa mlango huo, hata kabla ya zuio la jumla la mikutano ya hadhara lililoanza 2016 na kuondolewa na Rais Samia Suluhu Hassan Januari 2023. Hapa mtenda ni taarifa zenyewe. Zinaonesha, kana kwamba zina vidole. Nani alizikusanya, nani alizilinganisha na za taasisi nyingine, nani alizitilia shaka? Sentensi haina nafasi ya maswali hayo. Ziweke mbili sambamba: panapokuwa na mafanikio, mwenye kazi ni mmoja na anatajwa. Panapokuwa na katazo, mwenye kazi hayupo. Sifa ina mwenyewe, lawama ni yatima. Mfumo unaozungumza hivyo hauwezi kujifunza kutokana na makosa, kwa kuwa kosa halina anwani ya kurudishiwa.

Sentensi ya tatu si sentensi kamili. Ni cheo kinachoburuta mkia: Mkuu wa Wilaya, ambaye pia ni Mwenyekiti wa Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Wilaya. Kisheria mkia huo ndio moyo wa ushirikiano wetu. Sheria ya Baraza la Usalama la Taifa ya 2010 imeweka Baraza chini ya uenyekiti wa Rais, na chini yake kamati za mikoa na wilaya. Huko ndiko polisi, usalama na wengine wanakaa meza moja kila mmoja na faili lake. Ni mpango wenye akili, na nchi nyingi zingetamani meza ya namna hiyo karibu hivyo na kijiji. Lakini tazama umbo lake: muunganiko wote umetundikwa kwenye *ambaye pia ni*, yaani kwenye kofia ya pili ya mtu mmoja. Akihamishwa, *pia* inahama naye. Na *pia* ya wilaya moja inakomea kwenye mpaka wa wilaya hiyo.

Mtera ndipo mahali pa kuipima. Kaskazini mwa maji ni Mkoa wa Dodoma, kusini ni Mkoa wa Iringa. Kata ya Mtera iko Wilaya ya Mpwapwa, lakini jimbo lililobeba jina la Mtera kwa miaka mingi, lile alilokuwa mbunge wake Waziri Mkuu mstaafu John Malecela, lilikuwa upande wa Chamwino. Ukivuka kwenda Migoli, umeingia Wilaya ya Iringa. Bwawa moja, kamati kadhaa, kila moja na mwenyekiti wake na *pia* yake. Mtumbwi uliobeba nyavu haramu usiku haujui mkato ulipo. Unaondoka kwenye ajenda ya kamati moja na kutokea kwenye ya nyingine, na kati yake kuna maji tu.

Walioumia kwa pengo la namna hiyo hawako mbali. Septemba 2013, katika jumba la Westgate jijini Nairobi, watu 67 waliuawa, na moja ya aibu za siku ile ilikuwa polisi na wanajeshi walioingia bila amri moja hadi wakarushiana risasi wenyewe kwa wenyewe. Marekani, tume iliyochunguza mashambulizi ya Septemba 11 ilieleza mwaka 2004 jinsi habari zilivyokuwapo katika ofisi tofauti na hazikukutana. Dawa yao ilikuwa kuunda ofisi mpya juu ya zile za zamani. Hiyo ni kuongeza mwenye kiambishi kingine. Sarufi ya chini inabaki ilivyokuwa.

Ndiyo maana nilibaki nikilitazama lile bwawa hata basi lilipoondoka. Mtera haikujengwa kwanza kwa ajili ya umeme wake. Ilijengwa miaka ya 1970 kuelekea 1980 ili kuhifadhi maji ya mitambo ya Kidatu, huko chini mtoni. Mitambo ya Mtera yenyewe, megawati 80, ilianza kazi mwaka 1988. Kwa miaka kadhaa basi, bwawa lilifanya kazi bila kuzalisha hata uniti moja kwa jina lake. Umeme uliandikwa Kidatu. Kwa lugha ya taarifa zetu, kituo cha Kidatu, kwa kushirikiana na mabwawa mengine, *kilifanikiwa*. Lakini wahandisi hawawezi kuendesha mto kwa sentensi hiyo. Kwao lazima iandikwe maji yaliingia kiasi gani, yaliachiliwa lini, na huko chini yalifanya nini. Mtera isipojua mahitaji ya Kidatu itamwaga bure au itabania bure, na kila lita ina kumbukumbu ya pande zote mbili.

Usalama nao unahitaji sentensi ya nne, isiyosomwa redioni, inayokaa kwenye jalada la siri kamati zinapokutana: fulani alijua hili tarehe hii, akamwambia fulani tarehe hii, naye akafanya hili, na jibu likarudi kwa aliyeanza. Vitenzi vinne, kila kimoja na kiambishi chake cha mtenda, na cha mwisho kinarudi kwa wa kwanza. Hapo ndipo *-ana* inapopata watu wake. Taarifa ya nje inaweza kubaki na mikato yake. Abiria wa mbele alipomaliza kusoma, jirani yake alimuuliza swali moja tu: "Sasa huyo raia mwema, waliwahi kumrudia?" Hakuna aliyemjibu. Tulikuwa tumeshaivuka Migoli.